Mkalimani wa Sironga

Jumatatu, 2 Juni
Miaka mitatu ya Kiarabu, peke yangu, chumbani hapa Sironga. Vitabu vinne. Sarufi yote kichwani. Kuongea bado. Ijumaa mnunuzi wa chai kutoka Misri anazuru kiwanda na meneja anatafuta mkalimani. Nimemwambia naongea kama mzaliwa wa Kairo. Ameandika jina langu: Haron.

Jumanne, 3 Juni
Mazoezi. Nimeenda Kisii mjini kwa Shariff, muuza vitambaa. Nimemsalimu kwa Kiarabu fasaha, dakika nzima. Akasikiliza kwa heshima. Kisha akaniuliza kwa Kigusii nataka mita ngapi. Amezaliwa hapa hapa. Kiarabu chake, alisema, ni cha sala tu. Nimetoka na mita sita za pazia. Nyumba yangu ina dirisha moja.

Jumatano, 4 Juni
Tatizo ni jirani yangu Bitutu. Alifanya kazi za nyumbani Jeddah miaka sita. Sarufi hajui hata ukurasa mmoja, ila anaongea! Akijitokeza nimekwisha. Nimemwambia Ijumaa kiwanda hakipokei majani yake ya chai, apumzike. Ameshukuru, akanipa ndizi. Nimezila bila raha.

Ijumaa, 6 Juni
Bitutu alikuja kiwandani kuuliza kwa nini hawapokei majani.

Wakati huo huo mgeni, Bwana Sabir, akashuka garini akasema jambo refu. Sikuambulia neno. Nikamjibu kwa Kiarabu cha vitabuni, irabu zote mahali pake. Akamuuliza meneja kwa Kiingereza cha kubabaisha kama mimi ni mhubiri. Bitutu akamjibu kwa Kiarabu kwa niaba yangu. Yeye na mgeni wakacheka. Sasa mkalimani wa kiwanda ni yeye.

Jumapili, 8 Juni
Jana, siku ya Sabato, kanisani nilikaa nyuma kabisa. Leo Bitutu amenifuata nyumbani. Anajua nilimdanganya, hakulitaja.

“Haron, maneno unayo mengi kuliko mimi,” alisema. “Shida yako unaogopa kukosea. Kuja shambani kesho, tuchume chai tukiongea Kiarabu. Utakosea mwaka mzima, halafu utaongea.”

Nilikaribia kulia. Nikamwambia nitafika saa moja asubuhi.

Jumatatu, 9 Juni
Sikwenda. Mwaka mzima wa kukosea mbele ya mtu ni mrefu mno. Nilikaa kitandani nikawaza: ni nani asiyesahihishwa kamwe? Mwalimu!

Nimebandika tangazo sokoni. Kiarabu cha Kuongea, Ngazi ya Juu. Mwalimu: Haron. Masomo yote kwa maandishi.