Yan Anafundishwa Kucheza Ovyo

Jumapili, 13 Oktoba

Mdomo umeniponza! Tulikuwa kwenye chai ya Jumapili na ukoo wa mke wangu, meza ileile ya kila wiki, vikapu vya mvuke vimepandana hadi usawa wa pua. Mwanyumba wangu Poon, aliyemwoa dada wa mke wangu, akakohoa kama mheshimiwa. Akatangaza kwamba mwanawe Hei ameitwa kwenye usaili wa Shule ya Kimataifa ya Kilima cha Mwerezi. Meza nzima: aaa! Mama mkwe akamtilia Poon bakulini mguu wa kuku mnono kuliko yote. Ule niliokuwa nimeutolea macho.

Nami nikasema kwamba Yan wetu amekwisha kupokelewa. Shule hiyohiyo. Sijui hata maneno yalitoka wapi.

Uongo mtupu. Yan ana miaka mitano, na alichopata ni mwaliko wa usaili tu, tarehe ileile na Hei. Lakini mama mkwe hangoji. Ameshaitangazia meza ya jirani. Ameshawaahidi wenzake wa mazoezi ya asubuhi kwamba atawaletea picha ya mjukuu ndani ya sare. Mke wangu Suet-Ying alinikanyaga chini ya meza hadi kidole kikafa ganzi. Tulipofika nyumbani akanifungukia: nimelikoroga, basi nilinywe mwenyewe.

Asiyewahi kumwona Poon akiinua ule unyusi wake mmoja hajui fedheha ni nini. Yan lazima aingie. Lazima!

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepata siri. Mama mmoja wa ghorofa ya chini kaninong'oneza kwenye lifti: shule ile haina haja na watoto wa vitabu. Walimu hukaa pembeni tu, wakiwatazama watoto wanavyocheza. Anayecheza kwa uhuru ndiye anayechukuliwa.

Alaa! Na mimi nimemjaza Yan fidla, kuogelea, hesabu za shanga, Kiingereza cha asubuhi na Kiingereza cha jioni! Nimemuuliza kama anajua kucheza kwa uhuru. Akaniuliza ni siku gani, na avae nini.

Kazi ipo.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeaga kazini kwa kisingizio cha jino. Nikamteremsha Yan hadi bustani iliyo chini ya majengo yetu, nikamwamuru akimbie. Mlinzi akapiga filimbi: hapa hapakimbiwi. Nikamwambia apande mti. Filimbi. Akanyage nyasi. Filimbi mbili. Basi mwanangu, nikamwambia, simama hapohapo ucheke kwa nguvu. Akacheka. Mlinzi, mzee Ngai, akaja mwenyewe kuuliza kama mtoto anaumwa.

Nikamweleza kwamba namfundisha uhuru. Akanisogeza taratibu hadi kwenye ubao wa makatazo, mrefu kumpita Yan, akasema, "Kijana, uhuru kamfundishie kwako. Hapa ni bustanini."

Kwetu! Ghorofa ya thelathini na moja, sebule ambayo tukilikunjua kochi lazima mmoja wetu ahamie jikoni.

Yan kafurahi sana. Anapenda kupigiwa filimbi, anasema ni kama mashindano ya kuogelea. Ameuliza nani kashinda.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ushindi! Ushindi mkubwa! Kumbe kipo kituo cha tuisheni kinachofundisha Kucheza kwa Uhuru. Kiko ghorofa ya tatu, juu ya duka la bata bukini wa kuchoma. Nilitaka kumkumbatia mwalimu, Bi. Tse, lakini ni mwanamke mkavu, asiyekumbatika. Akanisomea mtaala. Kwanza, kumshangaa konokono. Pili, kumpa mwenzako koleo kabla hajaliomba. Tatu, vicheko visivyo na sababu. Kazi za nyumbani zipo. Mtihani upo. Anayechelewa anasimama nje. Huo ndio uhuru ninaoufahamu mimi!

Yan yuko darasa la haraka. Siri ya ndani kabisa, mwanyumba asipate hata harufu.

Kitu kidogo tu. Nikitoka nimegongana na Poon palepale ngazini, ghorofa ya tatu, kamshika Hei mkono. Akasema amekuja kununua bata. Mimi nikasema nami nimekuja kununua bata. Ikabidi tuteremke pamoja, tupange foleni, kila mmoja anunue bata mzima huku mwenzake akimtazama. Maskini Poon! Duka liko chini, bango kubwa taa tele, yeye anatafuta bata ghorofa ya tatu. Mtu mwenye akili hiyo ataniweza mimi?

Jumanne, 22 Oktoba

Wazazi nao watahojiwa. Tuonekane watu wa milimani, watu wa mahema na matope. Nimenunua viatu vya mvua kwa familia nzima. Balaa, vinang'aa! Vinatangaza kwa mbali kwamba havijawahi kutoka dukani. Na mji huu matope utayapata wapi?

Nikachimba udongo kwenye chungu cha mchungwa mdogo wa mama mkwe, ule anaoulea dirishani kwetu kwa ajili ya Mwaka Mpya. Nikauchanganya na maji kwenye sufuria, nikaanza kupaka viatu kwa brashi ya keki. Kazi safi. Mti ukalala ubavu. Mama mkwe akanikuta na kijiko cha supu mkononi.

"Baba Yan! Wenzako wanaiba dhahabu, wewe unaiba udongo?" Akasema na mengine, hayaandikiki. Suet-Ying naye badala ya kunitetea akashika kiuno kwa kucheka.

Yan wakati huo alikuwa mezani na kazi yake ya nyumbani. Vicheko. Vitano vya tumbo, vyote vinafanana, uso mkavu. Kusema kweli vilinitisha kidogo. Lakini Bi. Tse kampa nyota.

Jumamosi, 26 Oktoba

Usaili.

Chumba cha mchanga. Watoto wanane ndani, wazazi nyuma ya kioo. Mkuu wa shule, Bi. Winslade, mwanamke mrefu wa ng'ambo aliyevaa ndala, alikaa mchangani akawaambia watoto wafanye wapendavyo.

Watoto wote wanane wakaduwaa mbele ya konokono wa plastiki. Kwa pamoja! Wote wakasema kwa Kiingereza safi, "Loo, rafiki, unakwenda wapi?" Nikahisi jasho. Kisha kila mmoja akampa mwenzake koleo. Mwenzake naye akampa mwenzake. Koleo zikazunguka, zikazunguka, hakuna aliyechimba hata punje. Halafu vicheko.

Nikamtazama Poon. Poon akatazama dari. Nikatazama wazazi wengine, wote wanatazama dari. Hapo ndipo habari ya bata iliponiingia. Ebo! Mnafiki mkubwa!

Bado mambo yangeweza kupita. Lakini Hei akanyamaza kwenye kicheko cha nne, na Yan wangu, mwanafunzi bora, akamgeukia: "Wewe Hei, bado kimoja! Utasemwa na Mwalimu Tse!" Kusikia jina hilo, watoto wote wakasimama wima, wakainama kwa adabu na kuimba salamu. Bi. Winslade akaficha uso kwenye mikono yake. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Baadaye nikamwona Yan akimwendea, akanyoosha mkono na kumuuliza jambo. Kioo hakipitishi mnong'ono.

Ikafika zamu yetu. Tukaingia na viatu vyetu vya matope. Matope ya mama mkwe yamekauka, yanadondoka vipande vipande zuliani. Bi. Winslade akauliza Yan hufanya nini baada ya shule. Nikajibu upesi: hakuna! Sisi humwacha mtoto huru kama upepo! Simu yangu ikalia mfukoni ikatangaza kwa sauti ya yule mwanamke wa kwenye mashine: fidla, baada ya nusu saa. Nikaizima. Ikatangaza hesabu za shanga. Suet-Ying akafumba macho.

Bi. Winslade hakucheka. Akatuambia alichoulizwa na Yan. Yan alimuuliza kama sasa anaruhusiwa kuacha kucheza. Akasema katika yote aliyoyaona asubuhi ile, hilo peke yake lilikuwa la Yan mwenyewe.

Suet-Ying akalia palepale. Mimi, nakiri, nikashindwa hata kudanganya. Njiani nilimbeba Yan mgongoni. Alilala kabla hatujafika stesheni, soksi zake zimejaa mchanga.

Jumapili, 27 Oktoba

Chai ya ukoo. Mimi na Poon tumeketi mbalimbali kama maharusi waliogombana. Mama mkwe akaulizia sare. Nikasema fundi anaumwa. Yan akaweka chini bakuli lake la tambi, akamwambia bibi yake, "Bado, bibi, sijachukuliwa popote."

Vijiti vyote hewani.

Nikasubiri unyusi wa Poon. Haukuinuka! Utainukaje, na Hei kakwama kwenye kicheko cha nne? Mama mkwe ndiye aliyeanza. Akasema alijua tangu siku ile ya udongo, mtu mkweli haibi udongo. Kisha akaufuata mguu wa kuku mnono kwa vijiti vyake, akaula mwenyewe.

Alhamisi, 31 Oktoba

Shule imepiga simu! Yan hakuchukuliwa, lakini hakukataliwa. Hei amekataliwa! (Nimemwonea huruma. Kidogo.) Nafasi moja itapatikana baada ya Mwaka Mpya, na Bi. Winslade anataka kumwona Yan tena mwezi wa Machi. Ametoa sharti moja tu. Hadi hapo mtoto apumzike. "Asifanye chochote, Bwana Mok. Nawaomba. Mwacheni tu."

Suet-Ying hakungoja nimalize kusimulia. Ameshafuta fidla, ameshafuta shanga, ameshafuta Kiingereza cha jioni. Mimi nilisimama kando nikiona mali ikiteketea. Sasa Yan amelala chali sakafuni, anaitazama feni, anatabasamu peke yake. Suet-Ying kalala ubavuni mwake. Nimewatazama kwa muda mrefu, moyo ukanilainika kabisa. Ndipo nikaelewa yote, kila kitu, kwa uwazi ambao sijawahi kuupata maishani.

Usaili wa Machi ni wa kutofanya chochote!

Nimeingia jikoni kwa kunyata nikampigia Bi. Tse. Darasa lipo! Ni jipya, siku tatu kwa wiki, mtoto anakuja na mto wake. Amesema wengi huanguka kwenye kupumua. Nimeikamata nafasi ya mwisho, mwanyumba aambulie patupu.

Nimerudi sebuleni. Yan bado yuko vilevile, ila kidole gumba cha mguu wa kushoto kinachezacheza. Nimechuchumaa nikamnong'oneza akitulize. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanayowafelisha watu.