Usifungue Kabla ya Siku Saba

Siku Saba hakwenda chuoni kutafuta elimu. Alikuwa anamkimbia mama mmoja aliyenunua kwake kopo la unga wa kung'arishia vyombo. Mama huyo aliambiwa asilifungue mpaka siku saba ziishe ili dawa ikomae, naye kwa kukosa subira akalifungua siku ya tatu, akakuta chaki iliyopondwa. Alikuwa na mbio mama yule. Siku Saba akakata kona, akaona mlango wa chuo uko wazi, akajitoma ukumbini na kukaa safu ya nyuma kwa sura ya mtu aliyealikwa kwa barua.

Jina hilo alipewa na wateja, si wazazi. Kila alichouza kilikuwa kimefungwa barabara na kilikuja na sharti moja tu, usifungue kabla ya siku saba, na siku ya nane yeye alikuwa mtaa mwingine. Alijihesabu bingwa. Ungemuuliza mkewe, fundi cherehani, angekwambia kwamba suruali ya bingwa ina viraka vitatu na vyote kavishona yeye.

Na mkewe alikuwa amefika mwisho. Asubuhi ile alitoa pini mdomoni na kusema taratibu, "Pete uliyonivisha imenigeuza kidole rangi ya majani. Pasi uliyoniletea haijawahi kupata moto. Ijumaa jioni uniletee kitu kimoja cha kweli, mume wangu. Kimoja tu. La sivyo nabeba cherehani naenda kwa kaka." Siku Saba alitaka kulichukulia kama utani, ila cherehani ilikuwa imeshafungwa kamba.

Basi ukumbini mbele alisimama mwanamke mwenye miwani minene, ambaye wote walimwita Daktari, kashika vipande viwili vya plastiki. Kimoja kilinata vidoleni kama ubani uliotafunwa. Kingine alikigonga mezani, kikalia ko.

"Ni vitu vile vile," alisema. "Plastiki ni mnyororo mrefu wa shanga, na kila shanga ina kamkia. Mikia ikielekea ovyo, minyororo haipangani, unapata huu ulimbo. Mikia yote ikielekea upande mmoja, inalala kama sahani kabatini, unapata kitu kigumu. Anayeipanga ni kichocheo, unga kidogo tu. Nimekitafuta miaka tisa."

Mwanamume mmoja mwenye tumbo la heshima aliinuka. Alikuwa na kiwanda cha kutengeneza plastiki kutokana na gesi, na alikitaka hicho kichocheo hata jana kama ingewezekana. Wakakubaliana kijaribiwe kiwandani Ijumaa, kikifaa wasaini mkataba. Siku Saba akahisi vidole vinamwasha. Hapa palikuwa na watu wawili wasiojuana, na katikati yao pana nafasi ya kumtosha mtu mmoja mwembamba.

Alimdaka mlangoni yule mwenye kiwanda, ambaye moyoni alishamwita Tajiri. "Mzee, mimi ndiye mtu wa Daktari. Chupa italetwa na mkono huu."

"Mbona ulikaa nyuma kabisa?"

"Nalinda mlango, mzee. Wezi ni wengi siku hizi."

Tajiri alipendezwa. "Ilete salama, kizibo hakijaguswa. Ijumaa hiyo nitakupa pesa ya kishika mkono, na kwa kila tani itakayotoka kiwandani utakuwa na fungu lako maisha yako yote."

Maisha yako yote! Siku Saba alijizuia kucheka, maana ahadi ya namna hiyo naye amewapa watu wengi. Kishika mkono ndicho alichokitaka. Achukue chupa kwa Daktari, apokee chake getini, aingie mitini, amnunulie mkewe pasi ya kweli kwa pesa ya uongo. Akageuka, akamfuata Daktari na kujitambulisha kuwa mtu wa Tajiri. Kwa jinsi alivyosalimia kwa adabu, hata mimi ningemwamini.

Ijumaa asubuhi alikuwa maabara. Daktari aliingiza mikono katika glavu zilizoshikizwa kwenye ukuta wa sanduku la kioo, akachota unga wa zambarau, akautia ndani ya kichupa kisichozidi kidole gumba na kukifunga.

"Jambo moja," alisema. "Usifungue."

Siku Saba alihisi nywele zinamsimama. "Kwa nini?"

"Kikigusa hewa kinakufa. Hata unyevu wa pumzi yako unatosha."

Alishuka ngazi akiwa na machozi ya kicheko. Kumbe mama huyu ni mwenzetu! Miaka kumi na minne yeye anawaambia watu dawa inakomaa, na hajawahi kuwaza kuwaambia inakufa. Kisha kicheko kikakauka. Kama ndani mna chaki, basi anatumwa kwa Tajiri na mbuzi kwenye gunia, na getini atakayekamatwa ni yeye. Ilimuuma. Aliyekuwa akiuza gunia sasa kabebeshwa gunia.

Akajibanza chini ya ngazi, akafungua.

Unga ulifuka moshi mwembamba, ukafanya tss, na zambarau ikageuka kahawia machoni pake. Siku Saba aliijua chaki kuliko mwalimu yeyote, na chaki haifuki moshi. Kilikuwa kitu cha kweli. Alikuwa nacho mkononi, cha kwanza maishani mwake, na yeye mwenyewe kakiua kwa sababu kiliongea kama yeye.

Angeweza kutoroka. Lakini ilikuwa Ijumaa, kishika mkono bado kilikuwa kiwandani, na kwa kujidanganya alisema labda hakijafa chote. Akakibana kizibo, akaenda. Hakulipwa getini. Tajiri alimwongoza hadi kwenye mtungi wa chuma, fundi akaumimina unga kwa mrija usioingiza hewa na kufungulia gesi.

"Mshale wa geji ukishuka," fundi alieleza, "ujue gesi inageuka plastiki."

Wakautazama mshale. Haukushuka. Siku Saba aliutazama kwa macho ya huruma kabisa, nao haukumwonea huruma. Wakati huo akaingia Daktari na kikopo cha chuma kwapani.

"Nimeleta cha pili," alisema. "Huwa sipimi mara moja." Akaokota kile kichupa kitupu, akaona ukahawia uliobaki. "Ulifungua."

Uongo wa kumtosha ulikuwepo. Kwamba kizibo kilikuwa kibovu, kwamba alisukumwa njiani. Lakini aliikumbuka ile kamba kwenye cherehani.

"Nilifungua."

"Kwa nini, wakati nilikuambia usifungue?"

"Kwa sababu uliniambia nisifungue." Alikionyesha kichupa kwa kidole. "Hayo maneno ni yangu, Daktari. Ndiyo ninayouzia chaki. Nilidhani umeniibia."

Tajiri alimgeukia Daktari. "Si mtu wako huyu?"

"Aliniambia ni wako."

Fundi ndiye aliyecheka wa kwanza. Kichocheo cha pili kikaingia mtungini, na mshale ukaanza kushuka wenyewe, polepole, mpaka chini. Walipofungua mlikuwa na unga mweupe. Fundi akaubana kwenye chuma cha moto, ukatoka kibao kigumu kiasi cha kiganja. Kalamu zikatolewa.

"Lile fungu la kila tani, mzee," Siku Saba aliuliza kwa sauti ndogo, "lilikuwa la kweli?"

"Kabisa. Nilimwahidi mtu wa Daktari." Tajiri aliendelea kusaini. "Daktari hana mtu."

Siku Saba aliinua mkono kuaga. Alielekea mlangoni, kisha akarudi na kuomba kile kibao. Daktari akakizungushia gazeti, akakifunga uzi na kumpa.

Jua lilikuwa halijazama alipofika nyumbani. Cherehani ilikuwa imeshasogezwa kizingitini, na mkewe amekaa juu ya begi. Akampa kifurushi.

"Haya," mkewe alisema kwa uchovu. "Nisubiri siku saba?"

Mdomo wa Siku Saba ulianza wenyewe kwa mazoea. Akaufumba, akaufungua upya. "Fungua," alisema. "Fungua sasa hivi. Hata kama hutanielewa."

Akamsimulia yote, pamoja na ngazi na moshi. Mkewe alikikunja kibao, kikakataa. Akaipiga ile pasi isiyopata moto juu yake, pasi ikavunjika mpini. Akakigeuzageuza, akafungua kamba ya cherehani, akaiburuta mpaka mahali pake na kukichomeka kibao chini ya mguu wake mfupi. Ilikuwa ikitikisika tangu waoane. Sasa ikatulia.

"Nisamehe," Siku Saba alisema.

Mkewe aliuma uzi, akautunga sindanoni bila kumwangalia.

"Utalala kwenye kochi," alisema. "Siku saba."