Mikono Iliyovimba Mau Narok

Jameni, leo nimeaibika. Tena mbele ya Profesa, tena nyumbani kwetu Mau Narok, tena nikilia. Fungeni mlango, rafiki zangu, niwaambie.

Kazi yangu mnaijua. Chembe nyeupe za damu huitana: moja ikikutana na kijidudu inachokikumbuka, inatoa kemikali, zingine zinakuja mbio. Hiyo kemikali ndiyo nimeitafuta tangu nitoke chuo. (Mama huambia watu natafuta dawa. Nimechoka kumsahihisha.) Juzi nikadunga watu wa kwetu ile sindano ndogo ya kupima TB. Ambaye damu yake imewahi kukutana na TB, mkono unavimba baada ya siku mbili. Hao waliovimba ndio niliowataka, niwatoe damu nipeleke maabara.

Leo tukarudi kuangalia mikono. Profesa mwenyewe akaja na Land Rover. Ni mtoto wa mwenye duka la vitambaa pale Nakuru, mtu wa maneno machache, na ndiye anaamua kama nitapewa maabara yangu au nitabaki kuosha chupa zake.

Wa kwanza, amevimba. Wa pili, amevimba. Foleni nzima, loo! Nikaandika huku meno yote yako nje.

"Profesa, umeona?"

Profesa akaendelea kutazama mikono.

Wa mwisho alikuwa mama. Akakunja sweta. Mkono umefura, mwekundu, kutoka kiwiko hadi kiganja.

 Baba alikufa na TB mwaka wa Uhuru, mimi nikimshikia bakuli la kutemea. Najua kuvimba si kuugua. Nimeifundisha hiyo! Lakini huyu ni mama. Kalamu ikaanguka, nikamkumbatia, nikalia kwa sauti, mwanaume mzima na koti jeupe, kijiji kikiniangalia.

"Mama, mbona hukuniambia unakohoa?"

"Nani anakohoa?"

Profesa akasogea, akapitisha kidole kwenye mkono wa mama, polepole.

"Daktari, uligusa huu?"

"Hapana."

"Na hiyo mingine?"

Nikainama kuokota kalamu: hata mmoja sikuugusa. (Hilo ndilo somo la kwanza: uvimbe wa TB ni mgumu, unausikia kwa kidole. Wauguzi wote wa huku nimewafundisha mimi!)

Jirani yetu, Mama Wambui, akaangua kicheko. "Si ni thabai tu! Tumejisugua nayo asubuhi." Thabai, yale majani yanayowasha kando ya shamba!

"Kwa nini, mama?"

"Ulisema unataka waliovimba. Wangu ulikataa kabisa kuvimba. Na mkubwa wako anakuja! Nikuangushe mbele yake, mwanangu? Nikaambia na majirani wasikuangushe."

Kwa sindano haukuvimba. Damu ya mama haijawahi kukutana na TB. Nikalia tena, safari hii kwa furaha, na hapo hata watoto walianza kunionea huruma.

Tukapanda Land Rover kurudi. Tulipokaribia mjini Profesa akakohoa kidogo. "Maabara tutaongea mwaka ujao." Halafu, akiangalia dirishani: "Mama yako ni mzima. Hiyo nimeisoma kwa kidole changu."

Basi, maabara sina, mama ninaye. Na hiyo sufuria mezani ni mukimo, viazi vilivyopondwa na thabai ileile, amewapikia nyinyi. Atakayecheka, hali.