Ombi la Kuhamishwa kwa Mtani Wangu Kabla ya Arobaini

Rahaleo, Mtwara

Ndugu Mshauri wa Wanafunzi,

Natanguliza heshima, maana nikitanguliza hasira karatasi haitatosha. Mimi ni msomaji wa falsafa, sheria na historia, na sijawahi kushindwa hoja katika mji huu. Sasa nimeshindwa ndani ya nyumba yetu na mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, Danieli Mapunda, kijana wa Songea, aliyekosa kitanda bwenini akapewa chumba cha uani na mama yangu, Bi Mwanahamisi. Mama alimwuliza kama anavuta sigara. Hakumwuliza kabila. Danieli ni Mngoni na sisi ni Wayao. Babu zetu walipigana, wakachoka, wakawa watani, na gharama ya mapatano hayo naibeba mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Amenipokonya haki ya kukasirika. Wiki yake ya kwanza alimkamata jogoo wangu mchana kweupe, akamchinjisha kwa jirani, akampika. Nilimshika shati. Majirani walikuja mbio, wakauliza kabila lake, wakarudi kwao wakicheka. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Nassoro, nikiwa na Katiba mkononi na ibara ya kulinda mali nimeikunjia ukurasa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akataka kujua kama nililetewa hata kipapatio. Nilipokiri kwamba nililetewa, alisema shauri limekwisha.

2. Kodi ya chumba hulipa mapema, hufagia uwanja, na humchotea mama maji. Ameziba kila mlango ambao mwenye nyumba mwenye akili angeutumia kumfukuza.

3. Mwezi huu tumemzika baba yangu, Mzee Rajabu. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya maisha ya marehemu, yenye utangulizi, sura nne na hitimisho. Jeneza lilipotaka kutoka, Danieli alijilaza mlangoni amevaa kanzu ya baba na kushika fimbo yake. Akakohoa kikohozi cha baba, kilekile, akaniita mbele ya masheikh:

"Faraji, mtumwa wangu, korosho zangu umemwuzia nani?"

Watu walicheka msibani, Ndugu Mshauri. Mama, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametoa sauti, alicheka mpaka akashikiliwa, ndipo akalia. Danieli aligoma kuinuka mpaka nimpe viatu vyangu. Nilimzika baba nikiwa na kandambili za kuazima, na hotuba ilibaki mfukoni. Hakuna aliyeiulizia.

4. Jambo hili linaenea. Nimearifiwa kwamba huko Mtawanya wanafunzi wanaotafuta vyumba huuliza kwanza kabila la mwenye nyumba, ndipo wanauliza kama maji yapo. Binti mmoja, Happiness, amekataa chumba kizuri chenye feni kwa sababu tu hana mtani katika mtaa ule. Tukiliacha hivi, baada ya miaka michache vijana watakuja Mtwara kudai majogoo, na masomo yatakuwa kazi ya ziada.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, chuo kisitishe utani kuanzia siku ya kufungua muhula hadi mtihani wa mwisho. Kamati ya maprofesa wasiokuwa na kabila itafutwe kusimamia katazo hilo. Na Danieli Mapunda ahamishiwe bwenini kabla ya arobaini ya marehemu, kwa kuwa amekwisha kutangaza kwamba siku hiyo atakuja kugawa urithi. Kitanda kikikosekana, chumba cha semina hakina mtu usiku.

Nisalimie wahadhiri wote, walinzi wa getini, na mama wa kantini anayewakopesha vijana chai bila kuwauliza ukoo.

Wako katika kudai haki,
Faraji Kalembo

Tanbihi: Barua hii niliimaliza jana. Leo Danieli amelala kwa mwenzake wanakojisomea mtihani. Tangu mazishi, kila jioni yeye hukaa mkekani mkabala na mama, akalalamikia chumvi ya mboga kwa sauti ya baba. Mama humjibu kwa ukali kama alivyomjibu mumewe miaka yote, na katika kujibizana huko anakula. Leo nimekaa mimi. Nimeilalamikia chumvi kwa kadiri nilivyoweza. Mama ameniangalia kwa huruma, akasema, "Mwanangu, wewe hujui," na sahani imerudi jikoni kama ilivyokuja.

Basi barua hii usiishughulikie. Na huyo kijana akija mwenyewe kuomba kitanda, mwambie vimejaa. Hata ukiwa umesimama mbele yake na funguo mkononi, mwambie vimejaa.