Natembea Tu, Sihamii

Alhamisi, 6 Novemba. Jaro, Iloilo.

Dada yangu mpendwa Sista Consolacion, salamu katika jina la Bwana. Hujambo? Goti linaendeleaje? Bado mnaamshwa kusali gizani na maji ya kunawia baridi? Sisi wazima, namshukuru Mungu. Uliniambia niandike kila siku yanayonipata, kisha nikupenyezee kwenye lile dirisha lenu la nondo. Basi naanza. Mama Mkuu asisome.

Habari ndiyo hii: ukaazi wa kudumu wa Kanada umetoka! Miaka minane ya kungoja. Umetoka kwa jina la Leonisa, mke wangu, maana nesi ni yeye. Mimi na binti yetu Rhodalyn tumo nyuma yake kama mabehewa. Masharti: tuingie kabla Februari haijaisha, na Leonisa atangulie, au tuvuke pamoja naye. Tukiharibu, yote yamekwisha. Anamalizia mkataba wa hospitali. Tutaondoka Januari.

Ila kaka yake, shemeji Crisanto wa Winnipeg, anabatiza mtoto Jumapili hii, na baba wa ubatizo ni mimi. Viza ya kutembea ninayo tangu mwaka jana. Leonisa hakutaka. Alisema tumengoja miaka yote hiyo, miezi miwili inanishindaje? Nikamwambia mtoto wa watu hawezi kusimama mbele ya maji bila baba wa ubatizo. Akakunja shuka zima. Halafu akasema, "Nenda, tembea, rudi. Usianze maisha bila sisi, Epi."

Nimeahidi. Nitatimiza.

Lakini fikiria, Dada. Ndege inaruhusu maboksi mawili makubwa bure. Mwenye akili gani anaacha nafasi ya bure? Na chini ya nyumba ya Crisanto kuna vyumba viwili. Kimoja kina dirisha. Ametuahidi chumba, hakusema kipi. Binamu yake Dominador naye anahamia huko Machi, mtu mwenye kiwiko kikali. Mwenye mzigo ndani ya chumba ndiye mwenye chumba. Huko si kuanza maisha. Ni kuweka alama.

Ijumaa, 7 Novemba.

Leonisa yuko zamu mbili mfululizo. Nimefunga maboksi kwa nafasi. Blanketi tatu. Chungu cha wali. Picha ya harusi. Sanamu ya Mtoto Yesu, nimemviringishia taulo. Samaki wakavu. Vyeti vya shule. Na baada ya kusali: kile kijiko na ule uma vikubwa vya mbao vya ukutani. Vya urithi, vya marehemu mama mkwe. Nyumba isiyo na kijiko na uma juu ya meza ya kulia si nyumba, ni kituo cha basi. Leonisa aliporudi kubadilisha sare, alikuwa amechoka, hakuangalia ukuta.

Tatizo: majirani waliona maboksi yakitolewa. Mama Pacing wa nyumba ya pili akaanza kulia palepale barabarani. Jioni nashtukia meza zimepangwa uani kwetu na nguruwe mzima wa kuchoma katikati. Sherehe ya kuniaga moja kwa moja! Nilifungua mdomo niseme natembea tu, narudi baada ya siku chache. Haki ya Mungu, nilifungua. Lakini nguruwe alikuwa ameshaiva, ngozi inavunjika kama kaukau, na mwenyekiti wa mtaa ameshasimama kuhutubia. Akasema mtaa wetu unang'olewa nguzo. Nikalia mwenyewe. Wakanipa shati jipya na fulana nzito ya sufu.

Leonisa alikuwa wodini. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Jumamosi, 8 Novemba. Uwanja wa ndege, Vancouver, kwenye benchi.

Niombee, Dada. Nimeadhirika.

Ofisa wa uhamiaji ni kijana wa Kisingasinga, kilemba cha buluu, adabu tele. Akauliza nimekuja kufanya nini. Nikasema ubatizo. Akatabasamu. Ingeishia hapo. Lakini mwenzake wa mizigo alikuwa ameshafungua maboksi, maana samaki walikuwa wanajitangaza wenyewe. Kijana akatazama blanketi. Akatazama chungu. Akamfunua Mtoto Yesu, akamfunika tena kwa heshima. Kisha akainua kijiko, kirefu kama mkono wake.

"Mzee, hiki cha nini?"

"Cha ukutani, bwana."

"Mtu anayetembea siku kumi ana ukuta gani?"

Akaniuliza taratibu, nahamia au natembea. Dada, ulimi ulinisaliti. Nikasema natembea, ila nahamia kidogo.

Akaenda kwenye kompyuta. Akaliona faili la Leonisa. Akarudi akanieleza kwa upole kama mtu anayemweleza baba yake: nikiwa nahamia, hawezi kunipitisha, mwenye faili ni mke wangu na hayupo. Nikiwa natembea, mbona nimebeba nyumba? Na nikisema uongo, doa haliishii kwangu. Linaingia kwenye faili zima, kwa mama na kwa binti.

Nikakaa. Ndege ya Winnipeg ikaondoka bila mimi. Nikasali rozari kwa vidole, yenyewe ilikuwa boksini. Nikamwona akilini Leonisa na viatu vyake vyeupe vya kazini, miaka minane, nami nimevikanyaga kwa kijiko.

Mwishowe wakampigia simu. Kwetu ilikuwa asubuhi, yuko zamu, namsikia na mashine za wagonjwa zinalia nyuma yake. Akaulizwa kama ananijua.

"Ni mume wangu," akasema. "Anakuja kutembea. Atarudi."

Akaulizwa kama anajua habari ya kijiko.

"Kijiko gani?"

Kijana akamwelezea. Kisha Leonisa akasema mume wake hana ubaya, ana papara tu, na kwamba yeye mwenyewe anadhamini atarudi. Sauti haikupanda hata kidogo. Afadhali ingepanda.

Wamenigongea muhuri mpaka tarehe kumi na tisa. Nisifanye kazi, nisihamie. Kijana akanisaidia kufunga boksi kwa utepe wa gundi. Akaniambia, "Mzee, mara ijayo mfuate mama."

Jumapili, 9 Novemba. Winnipeg.

Nimefika ubatizo umeshakwisha. Kwenye nafasi yangu amesimama bosi wa Crisanto, Mkanada wa asili ya Ukrania, jitu refu linaitwa Bohdan. Hata jina mtoto ameongezewa. Sasa anaitwa John Benedict Bohdan. Jamaa amekula sahani tatu za tambi na anaitwa kumpare, ndugu wa ubatizo, na kila mtu. Mimi, niliyevuka bahari kwa ajili ya maji ya kichwani mwa mtoto yule, nikapewa kiti mlangoni karibu na viatu.

Crisanto akanipokea mbele ya watu. "Haya, mtalii wetu kafika. Umekuja na kuta zako, au kijiko peke yake?" Wote wakacheka. Leonisa alikuwa amewapigia. Marivic, mke wa Crisanto, akanipa chai na kunong'ona nisimjali, naye Crisanto alipoingia nchi hii alibeba kinu cha mama yake.

Theluji inaanguka nje. Nimegeukia ukuta. Rhodalyn alisema tutaiona wote watatu.

Jumanne, 11 Novemba.

Nimekiona chumba. Dirisha dogo, juu, linaonyesha magurudumu ya magari. Lakini dirisha ni dirisha. Nimemuuliza Crisanto chumba kipi chetu. Akasema watakaofika kwanza watachagua. Nikamkumbusha kwamba mimi nimefika. Akajibu mimi sijafika, nimepita. Neno lile limenichoma. Halafu akaongeza kwamba Dominador ameshaulizia kile cha dirisha, kwa adabu, kwa simu, kama mtu mzima.

Usiku mzima nimewaza. Misumari miwili tu, Dada. Kijiko kulia, uma kushoto. Dominador akija Machi, atakuta ukuta umeshasema.

Jumatano, 12 Novemba.

Crisanto kazini. Marivic kampeleka mtoto kliniki. Nikashuka na nyundo. Kijiko, salama. Uma, pigo la tatu, ukuta ukatema maji. Nani anaficha bomba la maji ndani ya ukuta wa mbao? Nikaziba kwa kidole. Nikaziba kwa blanketi. Sikujua yanafungiwa wapi. Nikamwomba Mtakatifu Yuda Tadei, msaidizi wa walioshindwa, akachelewa. Marivic aliporudi maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yangu. Maboksi yamelowa, picha ya harusi inaelea, mimi nimemshika Mtoto Yesu juu ya kichwa.

Alifunga maji kwa mkono mmoja, mtoto kwenye mkono wa pili. Akaniletea soksi kavu.

Ijumaa, 14 Novemba.

Fundi amekuja. Sakafu yote itang'olewa, kuta zitafunguliwa zikauke. Mpaka kiangazi hakuna atakayelala kule chini. Si Dominador. Si sisi.

Crisanto alinikalisha mezani. Sikuwahi kumwona bila utani. Akaniambia alikuwa amenunua rangi kwa ajili ya chumba kile, ya waridi, Leonisa aliichagua kwenye simu mwaka juzi. Kile cha dirisha kilikuwa chetu siku zote. Alitaka dada yake akikute tayari, iwe zawadi, ndiyo maana hakunijibu waziwazi.

Nimeosha vyombo vya nyumba nzima, hata visafi.

Ijumaa, 21 Novemba. Nyumbani.

Nimerudi kwa njia ya nyuma ya kanisa, nimevaa kofia. Haikusaidia. Mama Pacing aliniona nikiruka uzio, akapiga yowe kama ameona marehemu. Kufikia jioni mtaa mzima unajua nimefukuzwa Kanada. Hospitalini wanamuuliza Leonisa kama na zake zimefutwa. Anawajibu hapana, mume wangu alikwenda kutembea. Anajibu hivyo wodi baada ya wodi.

Hakunigombeza. Nilimletea kijiko na uma. Vilikaukia juu ya hita ya Crisanto, vikapasuka. Akavipitishia kidole kwenye ufa, kisha akavilaza mezani mbele ya ukuta wenye misumari miwili mitupu.

"Nilitaka nivitundike mimi," akasema. "Siku ya kwanza. Wewe unishikie kiti."

Nilisema tutavigundisha. Akasema ndiyo. Akaenda kulala.

Nimekaa jikoni, Dada. Nimesali toba yote. Nimeapa: kuanzia leo nafuata nyuma.

Jumapili, 18 Januari. Winnipeg.

Tumeingia, leo siku ya tano! Leonisa alichagua tarehe iwe karibu na sikukuu ya Mtoto Yesu. Ndege nzima alinishika mkono, akaniagiza neno moja tu niseme: jina langu. Ofisa wa Vancouver safari hii alikuwa mama wa makamo. Alimuuliza Leonisa maswali yote, naye akajibu kama anasoma joto la mgonjwa. Kisha mama yule akanigeukia, akauliza kama nimewahi kufika Kanada.

Nikamtazama Leonisa. Nilijua hapo ndipo doa lingetokea kama lipo.

"Mara moja," Leonisa akasema. "Alikuja kutembea, akarudi kunichukua."

Akarudi kunichukua! Mama akatabasamu, akagonga mihuri mitatu. Ya Leonisa kwanza, kisha yangu, kisha ya Rhodalyn. Akatuambia karibuni nyumbani. Leonisa akalia pale pale dirishani, mimi pia, hata foleni ya nyuma ikatusubiri. Tuliposhuka Winnipeg, nje ya uwanja, Rhodalyn akatushika mikono tukaikanyaga theluji wote watatu kwa mpigo. Nilijifanya sijawahi kuiona. Walijua.

Tumepanga kwa mjane wa parokia, chumba kimoja, Rhodalyn analala sakafuni. Kosa ni langu, na kila usiku nikisikia akigeuka kwenye godoro lile jembamba, moyo unaniuma. Leonisa ameanza kusaka kazi. Anaitwa Jumanne kwa usaili wa kwanza, wa pili ni Machi. Nimeahidi mbele ya msalaba kwamba mipango yangu imekwisha.

Sasa sikiliza, Dada. Tukiwa kwenye foleni ya mizigo niliona watawa wawili wakipita. Hakuna aliyewagusa. Hakuna aliyefungua hata begi! Ofisa aliinamisha kichwa. Na hapa soseji za kwetu, zile tamu za kitunguu saumu, haziruhusiwi kabisa, watu wanazililia kama watoto. Nikiwapelekea walau kilo kumi wakuu wa hospitali anakosailiwa Leonisa, kazi ni yake, na tutapata nyumba yenye madirisha kila upande. Hatajua chochote mpaka siku ya furaha.

Mwambie Mama Mkuu ni hija. Unakuja kutembea tu, wiki moja, unarudi. Vazi lako ni pana, Mungu aliliona hilo zamani. Nitakutumia vipimo vya boksi. Tafadhali nijibu mapema, kabla ya Kwaresima.

Nduguyo akupendaye,
Epifanio