Sukari ya Meneja

Jumatatu, 3 Novemba

Dada kaondoka alfajiri kwenda kusahihisha mitihani ya taifa. Siku nane nzima! Wasahihishaji hufungiwa huko kama kuku wa mayai. Simu wananyang'anywa asubuhi, wanarudishiwa jioni kwa saa moja tu. Kaniachia nyumba, funguo zote na Meneja.

Meneja ni paka. Ana miaka kumi na mitatu, rangi ya chungwa, kitambi cha mtu aliyekaa ofisini maisha yake yote. Na ana kisukari. Ndiyo, kisukari! Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakohoa. Sicheki tena. Kila siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni: apimwe damu sikioni, namba iandikwe kwenye daftari, ale, kisha achomwe insulini yuniti mbili. Jioni napiga picha ukurasa wa daftari, namtumia Dada, naye anamsomea daktari wa wanyama kwa simu.

Kazi hii nimeipigania. Dada alitaka kumpa nesi mstaafu wa nyumba ya jirani, mama aliyechoma watu sindano miaka thelathini na minne. Mimi namwita Kamanda, si mbele yake. Nilinuna siku mbili. Nikamkumbusha Dada kwamba mimi ni fundi wa kukata lenzi za miwani, mtu wa vipimo, napima mpaka robo ya namba. Dada akanikumbusha samaki wake waliokufa mikononi mwangu. Nikasema habari za samaki ni za zamani. Mwishowe akalainika. Akaniambia, mdogo wangu, tangu shemeji yako afariki ni huyu tu ninayemkuta nikifungua mlango, usiniangushe. Nikaapa. Nilinyoosha na kidole juu.

Sindano si tatizo. Meneja akiwa na bakuli mbele yake hata umchome msumari hageuki. Balaa ni sikio! Asubuhi kanikwangua mara tatu. Tone la damu lilipopatikana lilikuwa la kwangu. Nikaona kizunguzungu, nikakaa sakafuni. Sukari yangu ni 5.3. Angalau mashine ni nzima.

Kwenye daftari nimeandika 19.6. Ya Meneja.

Jumanne, 4 Novemba

Nieleze kwa nini 19.6, maana hata shajara yangu inanitazama vibaya.

Wiki zilizopita, Kamanda akija kumsaidia Dada, namba zilikuwa kumi na mbili, kumi na tatu. Sasa fikiria. Namba ikianza juu, kwa huzuni ya kuachwa na mama yake, halafu ishuke taratibu chini ya mikono yangu mpaka nane siku Dada anaporudi, nani shujaa? Si Kamanda! Na sikio la Meneja halijatobolewa. Paka hana maumivu, mimi sina mikwaruzo, Dada ana furaha. Sijaona mpango safi kama huu.

Leo: asubuhi 20.8, jioni 21.3. Nimetumia kalamu mbili tofauti ili ionekane ni kazi ya siku nzima. Nilipokuwa naandika ile ya jioni, Meneja alikuja akalala juu ya mguu wangu. Niliona aibu. Nikausogeza mguu.

Alhamisi, 6 Novemba

Maafa!

Dada kaandika jana jioni. Daktari kashtuka na namba. Kasema insulini ipande, kuanzia leo yuniti tatu.

Mwanzoni sikuhangaika. Nichome mbili, niandike tatu, mchezo umekwisha. Nikajipongeza hata. Saa moja kamili asubuhi mlango ukagongwa. Kamanda! Dada kamwomba aje asubuhi na jioni ahakikishe kipimo kipya, kwa sababu sindano zenyewe ni ndogo na mistari yake ni kama ya sisimizi. Aliinyanyua sindano mbele ya dirisha na kuikagua kwa miwani ambayo nimeikata kwa mikono yangu mwenyewe. Kwa hiyo anaona vizuri mno.

Akauliza kama nimeshapima damu. Nikamwonyesha daftari. Akasoma, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema maskini mzee wa watu, imepanda hivi. Hakuniuliza zaidi. Mambo ya hospitali, akasema, kisichoandikwa hakijafanyika. Kuhusu kilichoandikwa hakusema kitu.

Meneja akachomwa tatu. Nilikuwa nimemshika mimi.

Kazini nimekata lenzi ya mteja mmoja kinyume, ya kulia nikaiweka kushoto. Bosi kaniuliza kama naumwa. Nilitamani iwe hivyo.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata ufumbuzi, na ni rahisi ajabu. Namba zikishuka, daktari atapunguza dawa. Basi nizishushe! Jana jioni 15.2, leo asubuhi 12.9, jioni 10.4. Nimezishusha kwa moyo mkunjufu kabisa. Nikatuma picha, nikakaa kusubiri neno "punguza".

Jibu limekuja. Daktari kafurahi sana. Yuniti tatu zimemkubali, tuendelee hivyo hivyo, tusibadilishe kitu.

Nimesoma mara nne. Nikipandisha namba, wanaongeza dawa. Nikishusha, ndiyo ushahidi kwamba dawa inafaa. Nimejifungia ndani na ufunguo nimeumeza.

Halafu Dada kaongeza ujumbe wa sauti. Anasema namba zangu kazisoma mezani wakati wa chakula, mbele ya wasahihishaji wenzake wote. Kawaambia huyu ndiye mdogo wangu niliyekuwa nawalalamikia. Wakapiga makofi. Yanasikika kwenye ujumbe, makofi ya walimu watu wazima. Nimeilaza simu kifudifudi nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Meneja anakula kama mbeba zege. Akimaliza ananifuata mpaka bafuni akilia njaa.

Jumamosi, 8 Novemba

Kamanda kaniletea maua ya bustani yake. Kakiri mbele ya mashahidi (Meneja) kwamba alinidharau. Kasema, mwanangu, nilidhani wewe ni mtu wa maneno tu. Miezi miwili iliyopita ningemsikia akisema hivyo ningeruka juu. Leo machozi yalinilenga. Nikasingizia vumbi.

Alipoondoka nikaamua. Basi! Nitapima kweli. Nikatoa mashine, nikaweka kijiti cha kupimia, nikamwita Meneja. Akaja polepole, miguu ya nyuma kama imelegea kidogo. Nikashika sikio. Hakunikwangua. Alilitoa tu, kama mtu anayekupa mkono.

Ndipo likanijia swali. Namba ikitoka tofauti na ya daftari, nitaipeleka wapi? Nitaiandika ukurasa upi? Kamanda nitamwambia nini, na maua yake yako mezani?

Nikaliachia sikio. Nikarudisha mashine kwenye mkoba wake na kufunga zipu. Haya ni maandishi yangu ya siri, kwa hiyo naweza kusema: leo nimejiona mtu duni. Baada ya hapo nikaandika 10.1.

Jumapili, 9 Novemba

Nitaandika ilivyokuwa.

Asubuhi Meneja alikula vijiko viwili tu, akageuka. Kamanda alikuwa ameshafika mlangoni. Kanuni ya Dada ni kwamba asipokula, asichomwe mpaka daktari aulizwe. Daktari aulizwe! Ataanza kuuliza maswali. Nikamwaga chakula kilichobaki kwenye ndoo ya taka, nikasuuza bakuli, nikamfungulia. Akauliza kama amekula. Nikasema amelamba mpaka bakuli. Akachomwa tatu.

Saa tano na nusu nilikuwa napiga pasi. Nikasikia kitu kimeanguka jikoni. Meneja alikuwa amelala ubavu karibu na friji, anapiga miguu hewani kama anaogelea, macho wazi, hanioni. Nilimwita. Nilimwita kwa jina, kisha nikamwita mzee wangu, kisha nikapiga kelele za kumwita Kamanda zilizosikika mtaa mzima.

Alikuja na kanga ya jikoni na mikono ina sabuni. Hakuuliza kitu. Alitoboa sikio kwa sekunde moja. 1.9! Alimpigia daktari, akaweka simu sakafuni ili wote tusikie, huku anatafuta asali kabatini. Daktari akauliza asubuhi sukari ilikuwa ngapi.

Nikasema 11.7.

Meneja anakata roho miguuni kwangu na mimi nikasema 11.7! Ilitoka yenyewe, na nukta yake.

Daktari akairudia namba ile. Akasema haiwezekani, kutoka 11.7 na shibe kamili haiwezi kuporomoka hivyo kwa yuniti tatu, labda ini limefeli, labda kuna jambo lingine kubwa, basi tusimpe kitu mdomoni kwanza, ngoja afikirie. Kamanda mkono wake wenye asali ukasimama hewani.

Nikapiga kelele kwamba nimedanganya. Hakuna 11.7. Hakuna namba hata moja, tangu Jumatatu hakuna, na hakula, chakula kiko kwenye taka. Nilisema yote kwa pumzi moja nikiwa nimepiga magoti kwenye vigae. Pasi ilikuwa inaunguza shati chumbani, tunaisikia harufu.

Daktari akasema asali kwenye fizi, sasa hivi, kidogokidogo, na mlete. Basi. Kamanda akampaka asali fizi. Hakunitazama. Tulipofika kliniki Meneja alikuwa anapepesa macho. Wamembakiza na dripu ya sukari. Msichana wa mapokezi akauliza nani mmiliki. Nikaandika jina la Dada.

Jumanne, 11 Novemba

Meneja yuko hai. Karudi asubuhi, mguu wa mbele umenyolewa mahali pa dripu, kama amevaa soksi fupi. Daktari kaanza hesabu upya: yuniti moja, apimwe kweli, na Jumatatu ijayo ndipo ataamua kuongeza au la. Alinieleza kwa upole, na upole wake uliuma kuliko matusi.

Kamanda kasema hatamwambia Dada; hata daktari kamwomba ampe salamu tu kwa simu jioni hizi mbili. Nilitaka kumbusu mikono. Akasema nisifurahi, hatamwambia kwa sababu nitamwambia mwenyewe, leo, kabla hajavua viatu.

Dada kafika saa tisa. Alivua viatu haraka mno. Nikamfuata nyuma mpaka kwenye kochi. Alimpakata Meneja, akaona mguu, akanitazama. Nikasema. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nisije nikajipunguzia, nikasoma kama mtoto anayesoma taarifa ya habari shuleni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, hata moja? Nikasema hata moja. Akasema alikuwa anazisubiri siku nzima zile namba. Kwamba saa ile moja ya simu, wenzake walipokuwa wanaongea na watoto wao, yeye alikuwa anasoma mwandiko wangu.

Nilitaka ardhi ipasuke. Vigae vya Dada ni imara.

Ijumaa, 14 Novemba

Dada hajanifukuza. Afadhali angenifukuza. Kasema nitapima mimi, kila siku, yeye amemshika Meneja na Kamanda amesimama mlangoni, mpaka nijue. Jana asubuhi 13.2. Jioni 14.0. Leo asubuhi 12.7. Za kweli! Nilizitazama kwenye kioo cha mashine kama mtu anayeona picha yake gazetini. Dada alinigusa bega. Alisema kuanzia kesho anaweza kuniacha peke yangu, maana mtu akiaibika hivi harudii. Kamanda akakohoa.

Nimebadilika. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEBADILIKA. Namba ya uongo haitanitoka tena mkononi maisha yangu yote.

Jumamosi, 15 Novemba

Dada katoka mapema kwenda kusukwa. Kamanda yuko kwa wajukuu. Mimi nina zamu dukani saa mbili, na Meneja, ambaye afya imerudi na ukorofi umerudi nao, kaingia uvunguni, kona ya ukutani kabisa, hafikiki. Nimemwita kwa upole. Nimelala kifudifudi na tochi. Nikanyoosha mkono. Kanikwangua mara mbili, vizuri kabisa. Chakula kilipolia bakulini alitoka mwenyewe, akala chote, akachomwa moja yake. Kwa hiyo kila kitu kimefanyika, isipokuwa kile kitu kidogo cha sikio.

Nikafungua daftari. Jana 12.7. Juzi 13.2. Mtu yeyote wa vipimo anaona mwelekeo. Na kuacha nafasi wazi kungemshtua Dada, baada ya yote aliyopitia wiki hii. Hii si kudanganya. Ni makadirio, tena ya mtu ambaye sasa ana uzoefu.

12.1.

Jioni Dada karudi, kichwa kimependeza. Alichukua daftari akiwa bado amesimama. Akatoa kalamu yake nyekundu ya kusahihishia, akaweka alama ya vema kubwa pembeni ya 12.1, na chini yake akaandika "Hongera, mdogo wangu". Akasema Jumatatu daktari akiona hivi atajua la kufanya na dawa. Masikio yalinichoma kwa aibu, yote mawili. Nikasema asante.