Viraka vya Kukhu Roda

Jumatatu, 2 Desemba 1963
Kukhu Roda, mama mzaa baba, ametuita nyumbani kwake. Blanketi lake la viraka limechakaa. Anataka jingine, viraka vipangwe vilevile, ampe mjukuu wake Musimbi siku ya arusi. Atakayelishona atapewa cherehani. Cherehani! Nikiipata, ukarani naacha siku hiyohiyo. Mpinzani ni mmoja, Nanjala, mke wa ndugu yangu Erastus. Ana mikono myepesi, lakini aliishia darasa la nne. Kazi hii inataka akili.

Jumanne, 3 Desemba
Nimelikagua blanketi saa nzima. Viraka arobaini na vinane. Nimevichora vyote kwenye daftari na kugundua mpangilio: ni nyota! Inaonekana ukifumba jicho moja. Nanjala hakuchora chochote. Alikuwa jikoni na Kukhu wakichambua mboga na kupiga soga. Nimemhurumia.

Alhamisi, 5 Desemba
Kiraka cha buluu kinaniharibia nyota. Kukhu alipokwenda kanisani nikakifumua, nikaenda nacho Mumias kwa baiskeli kutafuta kinachofanana nacho. Bi Asiya mwenye duka akakipapasa, akasema kitambaa hicho hakijaletwa tangu vita vya Hitla. Tena dukani zimebaki rangi za bendera tu, kwa sababu ya Uhuru. Nimezinunua. Nyota ni nyota. Njiani mnyororo ukachomoka. Nikaurudisha, nikapangusa grisi kwa kitambaa nilichokuta mfukoni. Kumbe ndicho kile cha buluu!

Jumamosi, 7 Desemba
Kukhu ameliona tundu. Aliketi tu, mkono juu ya pengo. Nikamweleza kuhusu nyota.

“Nyota gani, Cleophas? Hiyo ilikuwa shati ya Philemon.”

Philemon ni kifungua mimba wake. Alikwenda vitani Burma, hakurudi. Kila kiraka ni nguo ya mtoto au mjukuu, wamefuatana walivyozaliwa. Nanjala alikuwa anajua tangu Jumanne. Aliuliza tu.

Nikatoa kiraka mfukoni. Cheusi. Nanjala alikichukua, akakifua kwa majivu na sabuni mara tatu, akakirudisha mahali pake. Doa limebaki. Kukhu alilipapasa kwa kidole muda mrefu, kisha akacheka kidogo. Akasema Philemon naye hakuwahi kukaa na shati safi hata siku moja.

Nikatoka nje. Moshi wa jiko ulinichoma macho.

Jumamosi, 14 Desemba
Arusi ya Musimbi. Nanjala amepita nyumba kwa nyumba wiki nzima akiomba nguo kuukuu za ukoo. Mimi nilitoa kaptula yangu ya darasa la kwanza. Blanketi lilipokunjuliwa Kukhu alimtaja kila mtu, kiraka kwa kiraka, na kina mama wakapiga vigelegele. Cherehani amepewa Nanjala. Blanketi nililoshona mimi kwa rangi za bendera, Erastus amefunikia mahindi.

Jumapili, 15 Desemba
Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: nilifumua kiraka kimoja. Ningefumua vyote, mpangilio ungejitokeza wenyewe.

Leo kinanda cha kanisa kimekwama katikati ya wimbo. Mwalimu Wanyonyi, mpigaji wake wa miaka mingi, alitaka kunieleza kinachokisumbua. Nikamwambia asijisumbue, aende akale. Nimeshatoa skrubu tisa.